Kifafa na krizi za nafsi: ujue unachokiona, ujue la kufanya



Katika ukurasa huu tumezoea kuwaeleza juu ya kofia ya kazi, vumbi la mawe, malaria na maji safi. Leo tunaeleza ugonjwa ambao watu wengi wanaogopa hata kuutaja jina. Kwa Kiswahili unaitwa kifafa. Hapa Kisangani wengi wanauita kwa Kilingala, ndeke. Mtu anaanguka ghafula, anatetemeka, mate yanamtoka, na wote waliokuwa karibu naye wanakimbia. Akipata fahamu anajikuta peke yake chini, nguo zimelowa, na toka siku hiyo hakuna anayetaka kula naye sahani moja.

Tunataka pia kueleza krizi nyingine inayofanana na kifafa kwa macho lakini si kifafa. Waganga wanaiita krizi ya nafsi. Anayechanganya mambo haya mawili humpa mgonjwa dawa isiyo yake, au humnyima dawa iliyo yake. Yote mawili yanaweza kuua. Kwa hiyo soma polepole, na ukimaliza mpe jirani naye asome.

KIFAFA NI NINI?

Ubongo wa mtu unafanya kazi kwa umeme mdogo sana. Kila ukiinua mkono au ukitaja jina la mtoto wako, umeme huo unapita kwa mpango kutoka sehemu moja ya ubongo hadi nyingine. Ninyi mnaokaa mjini mnajua umeme wa mtambo wa Tshopo unavyoweza kurudi kwa nguvu kupita kiasi baada ya kukatika: taa zinawaka sana, halafu zinapasuka. Kifafa ni kitu cha namna hiyo. Kwa dakika moja au mbili umeme wa ubongo unapita bila mpango, na mwili hauna budi kuufuata.

Kama vurugu hiyo inashika ubongo mzima, mtu anaanguka, anakakamaa, halafu anatetemeka. Kama inashika sehemu moja tu, huenda mkono mmoja ukachezacheza peke yake, au mtu akasikia harufu ambayo wengine hawaisikii, au akatafunatafuna na kushikashika nguo zake bila kujua. Kwa watoto wengine krizi ni ndogo kabisa: mtoto ananyamaza, anakodoa macho kwa sekunde chache, kisha anaendelea kama vile hakuna kilichotokea. Mwalimu anasema hasikilizi, naye anapigwa bure.

Krizi moja peke yake si kifafa. Mtoto mdogo mwenye homa kali anaweza kutetemeka mara moja na asirudie tena maisha yake yote. Munganga anasema kifafa hasa pale krizi zinaporudi bila sababu ya siku hiyo, kama homa au pombe. Lakini hata ile krizi ya kwanza, mlete mgonjwa dispanseri. Homa yenye kutetemeka huenda ni malaria iliyopanda ubongoni, na malaria hiyo haingoji kesho.

Shirika la Afya la Ulimwengu linahesabu watu karibu milioni 50 wenye kifafa duniani. Karibu 80 katika kila 100 wanaishi katika nchi za kipato cha chini na cha kati, kama yetu. Shirika hilo hilo linasema kwamba wagonjwa hadi 70 katika 100 wangeweza kuishi bila krizi kama wangepimwa na kupewa dawa inayowafaa. Hata hivyo, katika nchi maskini, watatu katika kila wanne hawapati dawa. Wanapotea kwa kukosa dawa, wala si kwa sababu ugonjwa hauna dawa.

UNATOKA WAPI?

Kifafa hakitoki kwenye mate. Ukimgusa mgonjwa, ukimpangusa mdomo, ukala naye, hutakipata. Wala hakitumwi na jirani mwenye wivu. Sababu tunazozijua ni hizi:

— Jeraha la kichwa. Jiwe lililoanguka, ajali ya pikipiki, kuanguka kutoka toleka. Kofia ya kazi inakukinga na kifo, na inakukinga na kifafa pia.

— Uzazi mgumu. Mtoto aliyechelewa kutoka na kukosa pumzi anaweza kuumia ubongo. Kwa hiyo mama azae mahali penye mzalishaji aliyefundishwa.

— Malaria ya ubongo na ugonjwa wa uti wa mgongo, hasa kwa watoto.

— Mayai ya mnyoo tegu wa nguruwe. Mayai haya yanatoka katika choo cha mtu mwenye tegu, yanaingia katika maji na mboga, na mtu akiyameza yanaweza kujenga vifuko ndani ya ubongo. Choo cha shimo, mikono safi na nguruwe waliofungiwa ndiyo kinga.

— Lotoko na pombe nyingine kali. Mtu aliyezoea kunywa sana kila siku akikatiza ghafula anaweza kuanguka krizi siku moja au mbili baadaye.

Kuna sababu nyingine inayotuhusu sana sisi wa nchi ya mito mikubwa. Hiyo tunaieleza peke yake.

MTO, NZI MWEUSI NA KIFAFA CHA WATOTO

Mnamfahamu yule nzi mdogo mweusi, mwenye mgongo wa kibiongo, anayeuma mchana karibu na maji yenye kasi. Kwa Kiswahili anaitwa usubi. Hazai katika maji yaliyotulia kama mbu. Anazaa pale maji yanapopiga mawe na majani kwa nguvu. Akiuma anapanda ndani ya mtu vidudu vya mnyoo. Vidudu hivyo vinatembea chini ya ngozi, vinawasha, vinaifanya ngozi kuwa kama ya mzee, na vikifika machoni vinapofusha. Ndio ugonjwa tunaouita upofu wa mtoni.

Kwa miaka mingi watu wa vijiji vya mitoni walisema kwamba penye vipofu wengi, pana watoto wengi wanaoanguka. Walikuwa na haki. Kule Mahenge, katika milima ya Tanzania, munganga mmoja mwanamke kutoka Norway, Louise Jilek-Aall, alikuta watu wengi wenye kifafa walipofika miaka ya 1960. Wengine walikuwa wameungua moto vibaya, kwa kuwa hakuna aliyethubutu kuwashika walipoangukia jikoni. Aliwafungulia kliniki na kuwapa dawa. Watafiti waliorudi Mahenge baadaye wakaeleza mwaka 2018 kwamba katika vijiji viwili vya mashambani, watu zaidi ya 3 katika 100 walikuwa na kifafa. Hiyo ni hesabu kubwa kupita ile ya mahali pengi duniani.

Kwetu Kongo pia uchunguzi umefanyika. Robert Colebunders wa Chuo Kikuu cha Antwerp na waganga wa Kikongo walipita katika vijiji vya Bas-Uele, kaskazini mwetu, na vya Ituri, na kukuta kifafa kingi mahali penye upofu wa mtoni. Mwaka 2018 ukatoka uchunguzi wa Kameruni ambao uliwaondolea wengi mashaka. Watoto wa huko walikuwa wamepimwa ngozi mwanzoni mwa miaka ya 1990. Walipofuatwa baada ya miaka mingi, wale waliokuwa na vidudu vingi utotoni ndio walioshikwa na kifafa zaidi. Mnyoo ulitangulia, kifafa kikafuata. Watafiti wangali wanatafuta njia hasa ambayo mnyoo unaumiza ubongo, lakini ya kufanya tunayajua.

Kifafa cha namna hii kinaanza kwa mtoto aliyekuwa mzima, kati ya miaka 3 na 18. Wengine wanatingisha kichwa kama mtu anayesinzia, hasa wakiona chakula. Wengine wanaacha kukua. Ukiona hivyo, usingoje.

Kinga ni Mectizan, dawa ambayo wagawaji wa kijiji wanapita nayo. Tangu mwaka 1987 kiwanda kinachoitengeneza kinaitoa bure kwa ajili ya ugonjwa huu. Inaua vidudu vidogo lakini haiui mnyoo mkubwa, nao unaweza kuishi miaka zaidi ya 10 mwilini. Ndiyo sababu tunakunywa kila mwaka, si mara moja. Watoto wanaanza wakifika miaka 5. Mama mwenye mimba, mama aliyezaa wiki hii, na mgonjwa mahututi wanangoja. Na kama umewahi kuona mnyoo ukipita katika jicho lako, mwambie mgawaji kabla ya kumeza, kwa sababu mtu mwenye mnyoo huo wa jicho kwa wingi anaweza kupata matatizo makubwa.

Kule Maridi, Sudan ya Kusini, wananchi walikata majani yaliyoota mahali maji ya bwawa yanapomwagika, na nzi walipungua sana. Hawakungoja mashini wala fedha nyingi. Walitumia mapanga.

KRIZI YA NAFSI: MTU HADANGANYI

Sasa tuje kwa ile krizi nyingine. Mtu anaanguka, anatetemeka, hajibu akiitwa. Wote wanasema kifafa. Anapewa Gardenal mwaka mzima, wala krizi hazipungui. Akipelekwa mahali penye mashini ya kupima umeme wa ubongo, ile ambayo Hans Berger wa Ujerumani aliitumia kwa mtu mara ya kwanza mwaka 1924, karatasi inaonyesha kwamba wakati wa krizi umeme wa ubongo ulikuwa wa kawaida. Hakuna vurugu ya kifafa.

Basi watu wanasema: anajifanya. Hapana, ndugu zangu. Hapo ndipo tunapowakosea wagonjwa hawa.

Fikiri kidogo. Ukipata habari mbaya ghafula, moyo unapiga, jasho linatoka, magoti yanalegea. Hukuyaamuru magoti yako. Hofu ilipita kutoka moyoni hadi mwilini bila kuomba ruhusa. Krizi ya nafsi ni hivyo hivyo, ila ni kubwa zaidi. Mzigo ambao mtu hawezi kuubeba wala kuusema unatokea katika mwili. Mgonjwa hachagui saa wala mahali, na mara nyingi yeye mwenyewe ndiye wa kwanza kushangaa.

Mzigo huo ni nini? Kwa wengine ni kupigwa au kunajisiwa. Kwa wengine ni kifo cha mtoto, ndoa ya shuruti, madeni, au ajali waliyoiona kazini. Mji wetu wenyewe umepita katika moto. Kuanzia tarehe 5 hadi 10 Juni 2000, majeshi ya Rwanda na Uganda yalipigana kwa mabomu katikati ya Kisangani, siku 6 mfululizo, juu ya vichwa vya wananchi. Waliokuwa watoto siku hizo leo ni baba na mama. Si kila aliyeteseka atapata krizi, na si kila mwenye krizi ya nafsi ameona vita. Lakini tukimkuta mtu wa namna hii, tuulize kwa upole amepita wapi, kabla ya kumcheka.

Krizi za nafsi zinaweza hata kupita kutoka mtu hadi mtu. Mfano unaojulikana sana ni wa Kashasha, karibu na Bukoba, Tanganyika. Tarehe 30 Januari 1962, katika shule ya wasichana, watatu walianza kucheka bila kuweza kujizuia, kisha kulia, kisha kuhangaika. Ugonjwa ukaenea hata wasichana 95 kati ya 159 wakashikwa, na tarehe 18 Machi shule ikafungwa. Wasichana waliporudishwa kwao, ukatokea pia Nshamba na kushika watu 217. Waganga wawili, Rankin na Philip, walipima damu na kuchunguza chakula, hawakukuta sumu wala kidudu. Hakuna aliyekufa. Waliandika kwamba ni ugonjwa wa nafsi uliosambaa kati ya vijana. Wasichana wale hawakupatana kufanya mchezo. Hakuna mtoto anayeweza kucheza mchezo wa kuchosha hivyo kwa siku nyingi.

NAMNA YA KUTOFAUTISHA

Kazi ya kutaja ugonjwa ni ya munganga. Lakini munganga mara nyingi haoni krizi. Wewe ndiwe unayeiona. Kwa hiyo tazama vizuri, ili uweze kueleza.

Katika krizi ya kifafa, mara nyingi: macho yanabaki wazi, mtu anakakamaa kwanza, kisha anatetemeka kwa mpigo mmoja, uso unageuka rangi, anaweza kujiuma ulimi pembeni, krizi inakwisha baada ya dakika moja hadi tatu, kisha anakoroma na kulala, akiamka hajui lililotokea. Inaweza kumshika hata usingizini.

Katika krizi ya nafsi, mara nyingi: macho yamefungwa kwa nguvu, na ukijaribu kuyafungua anayabana, kichwa kinakwenda kushoto na kulia, kutetemeka kunapungua, kunaongezeka, kunapungua tena, krizi inaendelea dakika nyingi, hata nusu saa, anaweza kulia machozi, akimaliza anarudiwa na akili upesi.

Angalieni: tumesema mara nyingi, hatukusema kila mara. Hakuna dalili moja inayotosha. Kujikojolea kunaonekana katika krizi zote mbili. Tena kuna watu wenye magonjwa yote mawili kwa pamoja. Kwa hiyo usimnyang'anye mtu dawa ya kifafa kwa sababu ulisoma gazeti. Andika saa krizi ilipoanza na saa ilipokwisha. Kama una simu yenye kamera na mgonjwa au ndugu zake wamekubali, piga picha za krizi umwonyeshe munganga peke yake. Kuzitembeza mtaani ni kumvua mtu nguo.

Hata kule penye mashini nyingi makosa ni mengi. Mwaka 2002 watafiti wa Bonn, Ujerumani, walieleza kwamba wagonjwa wao wenye krizi za nafsi walikaa wastani wa miaka 7 na zaidi kabla ya kujua jina hasa la ugonjwa wao. Miaka 7 ya kumeza dawa ya ugonjwa mwingine.

MTU AKIANGUKA MBELE YAKO

Iwe kifafa, iwe krizi ya nafsi, mwanzo fanya hivi:

1. Usikimbie. Tazama saa.
2. Ondoa hatari: simamisha mashini, vuta mbabula na sufuria ya moto, mtoe mtu majini.
3. Weka kitu laini chini ya kichwa: koti, kitambaa. Legeza kola na mkanda.
4. Usimbane mikono na miguu. Usitie kijiko, kijiti wala kidole mdomoni. Mtu hamezi ulimi wake. Kijiko huvunja meno, na kidole hukatwa.
5. Usimmwagie maji, usimpe kitunguu wala petroli anuse, usimpe cha kunywa.
6. Kutetemeka kukiisha, mlaze ubavu ili mate yatoke nje. Kaa naye hata akili imrudie.
7. Mpeleke dispanseri upesi kama krizi inapita dakika 5, kama inarudi kabla hajapata fahamu, kama ameumia, kama ana homa, kama ni mama mwenye mimba, au kama ni krizi yake ya kwanza.

Kwa mama mwenye mimba au aliyezaa majuzi, krizi inaweza kuwa ya ugonjwa wa damu kupanda, unaoua mama na mtoto. Huyo ni wa kukimbizwa, usiku au mchana.

DAWA ZA KIFAFA

Gardenal, ambayo waganga wanaiita fenobarbitali, inatumika juu ya kifafa tangu mwaka 1912. Ni ya bei ndogo. Kuna pia Tegretol, Depakine na nyingine. Munganga anachagua kwa kutazama umri, namna ya krizi, na kama mgonjwa ni mwanamke. Depakine inaweza kuharibu mtoto tumboni. Kwa hiyo msichana na mama anayeweza kuzaa waseme mapema. Lakini mama asiache dawa peke yake akijiona mjamzito. Aje kwanza.

Dawa ya kifafa inanywewa kila siku, hata siku ambayo huumwi. Wengi wanakaa miezi mitatu bila krizi, wanasema nimepona, wanauza vidonge vilivyobaki. Ukikatiza Gardenal ghafula, krizi zinaweza kuja moja juu ya nyingine bila kusimama, na mtu akafa. Mtu akikaa miaka 2 bila krizi, munganga anaweza kufikiri kuipunguza, polepole, kwa miezi. Usingizi wa kutosha na kuacha lotoko vinasaidia dawa. Kukesha na kunywa vinaishinda.

Kama unataka mzee wa ukoo au mchungaji akuombee, hakuna anayekukataza. Lakini chanjo za wembe, kufungwa kamba na kunyimwa chakula haviponyi. Sala na kidonge vinaweza kukaa nyumba moja.

DAWA YA KRIZI YA NAFSI

Hapa Gardenal haisaidii. Sindano za kulaza zikirudiwarudiwa zinaweza hata kusimamisha pumzi ya mtu ambaye hakuwa katika hatari. Dawa ya kwanza ni kumweleza mgonjwa ukweli kwa heshima: krizi zako ni za kweli, hazitoki katika umeme wa ubongo, hutakuwa mwenda wazimu, na wengi wanapata nafuu. Kuna wanaopungukiwa krizi kwa kuelezwa hivyo tu.

Dawa ya pili ni mazungumzo ya mpango na mtu aliyefundishwa, mara kwa mara, kwa miezi. Mgonjwa anajifunza kutambua dalili za mwanzo, kupumua polepole, kukanyaga chini kwa nguvu na kutaja vitu anavyoviona, na kurudi katika mambo aliyokuwa ameyaacha kwa hofu. Uingereza walijaribu njia hii kwa wagonjwa 368, na mwaka 2020 wakaeleza matokeo. Baada ya mwaka, hesabu ya krizi haikuonyesha tofauti ya hakika na wale waliopata matunzo ya kawaida, lakini waliopata mazungumzo waliishi vizuri zaidi, na krizi ziliwasumbua kidogo zaidi katika kazi na nyumbani. Tunawaeleza hivyo ili msidanganywe na mtu anayeahidi kuponya kwa siku tatu.

Wakati wa krizi yenyewe, sema naye kwa sauti ya chini: uko salama, itapita. Ondoa watazamaji. Usimpige kofi, usimfinye kumjaribu. Na krizi ikiisha, uliza nini kinamsumbua, siku hiyo au nyingine, bila kumlazimisha.

MOYO NAO UNAUGUA

Mtu mwenye kifafa anaweza kupata pia ugonjwa wa huzuni: hali chakula, halali, haongei, anasema afadhali kufa. Maneno hayo yasichukuliwe kuwa mzaha. Kaa naye, ficha vidonge na sumu, mlete. Wengine, siku moja au mbili baada ya krizi nyingi mfululizo, wanasikia sauti na kuogopa watu wasiokuwapo. Hawajarogwa. Hayo ni machafuko ya akili yanayofuata krizi, na yana dawa. Pakihitajika wataalamu zaidi, nchi yetu ina kituo cha magonjwa ya ubongo na akili cha Mont Amba, Kinshasa, na Sosame, Bukavu. Dispanseri ndiyo mlango wa kwanza.

KAZINI: USIFICHE

Ndugu, tunajua sababu gani mnaficha. Mnaogopa kupoteza kazi, na watoto wanakula kwa kazi hiyo. Hofu hiyo si upumbavu. Lakini tazama upande wa pili. Mtu mwenye krizi zisizotibiwa akiwa juu ya ngazi, kando ya ukanda wa kubeba mawe, karibu na baruti, au akiendesha kamyo, anaweka rehani maisha yake na ya wenzake. Krizi ya dakika moja kwenye usukani inatosha.

Unayotuambia dispanseri hatuyatoi nje. Tunachomwandikia mkubwa wa kazi ni kile unachoweza kufanya na kile usichoweza: asipande juu, asiendeshe, asifanye kazi peke yake karibu na maji au moto, asibadilishiwe zamu za usiku. Hatuandiki jina la ugonjwa. Ziko kazi nyingi ambazo mtu anayekunywa dawa yake vizuri anazifanya kama wengine: bohari, karakana ya mkono, ofisi, bustani, kupima na kuhesabu.

Na ninyi makapita na wakubwa wa kazi, sikieni nanyi. Mkimfukuza wa kwanza aliyesema, kumi waliobaki watanyamaza. Hatari haitatoka katika mgodi, itajificha tu. Mfanyakazi aliyesema na kutibiwa ana usalama zaidi kuliko yule msiyemjua.

Nyumbani, mama, jiko liinuliwe au lizungushiwe ukuta mdogo. Mtoto mwenye krizi asichote maji mtoni peke yake, asipande mti, wala asifungiwe chumbani. Apelekwe shule, na mwalimu aelezwe. Mume mwenye krizi asiende kuvua peke yake kwenye mtumbwi.

MAMBO YA KUKUMBUKA

— Kifafa hakiambukizi. Mshike mgonjwa.
— Kitu chochote kisitiwe mdomoni.
— Dakika 5 zikipita, dispanseri.
— Gardenal kila siku, bila kukatiza.
— Mectizan kila mwaka, jamaa nzima.
— Krizi ya nafsi si uongo. Inatibiwa kwa maneno ya mpango na upole.
— Kofia kichwani, lotoko mbali.
— Usifiche. Njoo, tutatafuta pamoja kazi inayokufaa.

Kama kuna mtu katika mtaa wako ambaye watu wanamkimbia kwa sababu anaanguka, wiki hii umpelekee maneno haya, na umsindikize mpaka dispanseri. Njia ya kwenda peke yake imekuwa ndefu kwake.